Mrushaji Ataenda Wapi, na Nani Aamue?

Kila mwaka, msimu wa ligi kuu ya besiboli nchini Marekani unapofunga pazia mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, magazeti ya huko huzuka na swali moja: je, mrushaji fulani atatia sahihi wapi? Ataelekea New York au Los Angeles? Atabaki alipo au atarudi kwao? Hoja hutolewa, hesabu hupigwa, na mashabiki hugombana kana kwamba wao ndio watakaolipa. Msomaji aliyelelewa katika kandanda na riadha aweza kudhani kwamba huu ni upuzi wa watu wenye nafasi. La hasha. Ndani ya swali hili mna historia ndefu ya kazi na mkataba, na mna somo la sarufi ambalo mwalimu yeyote wa lugha angefurahi kulipeleka darasani.

Kwanza tumtambue mrushaji mwenyewe. Timu ya besiboli ina wachezaji tisa uwanjani, walakini kila kitendo huanzia mkononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo, takriban mita 18 kutoka kwa mpigaji aliyeshika rungu, akamrushia mpira kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Akiwa hodari, wapigaji hukosa. Akiwa hovyo, hakuna mwenzake awezaye kumwokoa. Mkono wa binadamu hauwezi kustahimili kazi hiyo kila siku. Kwa hivyo mrushaji anayeanzisha mchezo hupumzishwa siku nne au tano kabla ya kurudi, na katika msimu wenye michezo 162 yeye huanzisha kama 32 tu. Hodari wa kweli ni adimu, na kilicho adimu ni ghali.

Sasa na tuviangalie vitenzi. Katika magazeti ya leo mrushaji anafikiria, anachagua, anakataa, anatia sahihi. Yeye ndiye kiima, yeye ndiye mtenda. Rudi nyuma hadi kabla ya mwaka 1975 nawe utamkuta mchezaji wa aina ile ile katika kauli ya kutendwa: aliuzwa, alibadilishwa, alipelekwa, aliachwa. Wanafunzi wetu huikariri minyambuliko ya vitenzi kama dua, bila kutambua kwamba ile "w" ndogo inayopenyezwa kabla ya irabu ya mwisho yaweza kubeba maisha ya mtu. Mwalimu aliyewahi kupokea barua ya uhamisho hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo baina ya kupeleka na kupelekwa.

Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha na ambaye aweza kujadiliana na klabu yoyote huitwa na baadhi yetu "wakala huru". Hiyo ni tafsiri sisisi, nayo inapotosha. Wakala ni mtu afanyaye kazi kwa niaba ya mwingine, ilhali huyu hamwakilishi yeyote ila nafsi yake. Mimi nitamwita mchezaji huru, kama wafanyavyo waandishi wengi wa kandanda tangu hukumu ya Bosman ya mwaka 1995, iliyowapa wachezaji wa Ulaya haki ya kuondoka mikataba yao inapomalizika. Wenzao wa besiboli walikuwa wameipata haki kama hiyo miaka 20 kabla yao, na njia yao ilikuwa ya ajabu zaidi.

Mwaka 1879 wamiliki wa timu za Ligi ya Taifa walikubaliana kwamba kila mmoja wao aweke akiba wachezaji watano ambao wenzake wasingewagusa. Desturi hiyo ikapanuka hadi ikawakumba wachezaji wote, na ikatiwa katika mkataba wa kila mmoja wao. Akiba! Neno hilo sisi hulitumia kwa mahindi ghalani na fedha benki. Kijana akishatia sahihi mara moja, alikuwa wa klabu hiyo hadi imchoke. Aliweza kukataa kucheza. Hakuweza kwenda kucheza kwingine. Mnamo 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba besiboli haikuwa biashara baina ya majimbo, na kwa hivyo sheria za kupinga uhodhi hazikuihusu.

Curt Flood alijaribu kuuvunja ukuta huo. Baada ya kuichezea St. Louis kwa miaka 12, mnamo Oktoba 1969 alipashwa habari kwamba amebadilishwa na sasa ni mchezaji wa Philadelphia. Desemba ya mwaka huo alimwandikia kamishna wa besiboli kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali matakwa yake. Mshahara wake ulikuwa dola 90,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na wapo waliomkejeli kwa sababu hiyo. Jibu lake, mintarafu ya utumwa na ujira, lilikuwa kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilimshinda kwa kura tano dhidi ya tatu. Alikuwa amekwisha kuacha mchezo.

Aliyefungua mlango wa kwanza hakuwa mwanaharakati hata kidogo, bali mkulima wa North Carolina aliyekuwa mrushaji wa Oakland. Jina lake lilikuwa James Augustus Hunter, lakini ulimwengu ulimjua kama Catfish, yaani kambare. Jina hilo hakulipewa na mama yake wala na marafiki wa utotoni. Alibandikwa na mmiliki wa timu, Charles Finley, alipomsajili mwaka 1964. Finley alitaka mchezaji wake awe na lakabu ya kuvutia, akambunia na kisa kizima cha utotoni cha kuvua samaki ili lakabu ipate asili. Wanaisimu tunajua kwamba kumpa mtu mzima jina jipya ni tendo la mwenye mamlaka juu yake. Hunter alilikubali kwa tabasamu na akaendelea kurusha.

Mkataba wake wa mwaka 1974 ulikuwa wa dola 100,000, na nusu yake ilipaswa kupelekwa kwa kampuni ya bima ili imlipe taratibu siku za usoni. Finley alipogundua kwamba mpango huo haungempa nafuu ya kodi kwa wakati ule, alikataa kuutekeleza. Hunter alishinda michezo 25 mwaka huo, akatwaa tuzo ya Cy Young ambayo hutolewa kwa mrushaji bora, na Oakland ikachukua ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo. Kisha shauri lake likafikishwa mbele ya msuluhishi, Peter Seitz. Desemba 1974 Seitz aliamua kwamba mmiliki aliyevunja ahadi yake hawezi kumshikilia mwenzake kwa ahadi hiyo hiyo. Hunter akawa huru.

Yaliyofuata yalikuwa kama soko la ng'ombe lililopinduliwa, ng'ombe akiwa ndiye anayewakagua wanunuzi. Matajiri wa timu, au wajumbe wao, walimiminika Ahoskie, mji mdogo wa North Carolina ambako wakili wake alikuwa na ofisi, wakapokezana kuingia na kutoka. San Diego na Kansas City walitoa zaidi ya wengine. Walakini tarehe 31 Desemba 1974 Hunter alitia sahihi na Yankees wa New York, kwa mkataba wa miaka mitano uliozidi thamani ya dola milioni 3. Kwa nini New York, mji ambao mkulima huyo hakuwa na mapenzi nao? Sababu moja ilikuwa mtu. Miaka kumi hivi iliyotangulia, Hunter akiwa mwanafunzi wa shule, nduguye alimpiga risasi ya mguu kwa bahati mbaya wakiwa mawindoni, na timu nyingi zilizokuwa zikimnyemelea zikaondoka. Msaka vipaji mmoja, Clyde Kluttz, mwenyeji wa jimbo lile lile, hakuondoka. Mwaka 1974 Kluttz alikuwa mwajiriwa wa Yankees.

Kisa cha Hunter, hata hivyo, kilitokana na kosa la Finley pekee. Kifungu chenyewe kilibaki kimesimama, hadi mrushaji mwingine, Andy Messersmith wa Los Angeles, alipocheza msimu mzima wa 1975 bila kutia sahihi mkataba mpya. Alichotaka ni ahadi kwamba hatabadilishwa bila ridhaa yake, na klabu yake ikamnyima. Hapa ndipo mwanaisimu hukaa vizuri kitini. Kifungu kilisema kwamba mchezaji asipotia sahihi, klabu ina haki ya kuurefusha mkataba wake kwa mwaka mmoja kwa masharti yale yale. Wamiliki walihoji kwamba miongoni mwa masharti yale yale limo na sharti la kurefusha. Kwa hivyo mwaka mmoja huzaa mwingine, nao huzaa mwingine, hadi milele. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Marvin Miller, kilihoji kwamba mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Jopo lilikuwa na watu watatu: Miller, mwakilishi wa wamiliki, na Seitz yule yule. Tarehe 23 Desemba 1975 Seitz aliungana na Miller. Wamiliki walimfuta kazi siku hiyo hiyo, wakaenda mahakamani mara mbili, na mara mbili wakashindwa.

Jengo lililodumu karibu karne moja lilianguka kwa sababu mtu mmoja alisoma maneno kama yalivyoandikwa. Wanafunzi wanaoniuliza isimu hulisha nani, nawajibu kwa kisa hiki.

Messersmith alielekea Atlanta, ambako mmiliki, Ted Turner, alikuwa na kituo cha televisheni kilichorushwa kupitia chaneli ya 17. Turner alimpa Messersmith jezi nambari 17, kisha mgongoni, mahali pa jina, akaandika "Channel". Ligi ilipiga marufuku mzaha huo. Nami nakumbuka kambare: mmiliki wa kale na mmiliki wa kisasa, wote wawili mkono wao ulikwenda kwenye jina la mtu.

Tangu hapo swali la wapi limejibiwa kwa namna ambazo wachambuzi wa kila msimu hukosea. Wengi wao hudhani mrushaji huenda palipo na fedha nyingi zaidi, na akienda huko humwita mroho. Mwaka 1992 Greg Maddux aliahidiwa dola milioni 34 na Yankees kwa miaka mitano, akachagua milioni 28 za Atlanta. Mnamo 2010 Cliff Lee alizikataa New York na Texas akarejea Philadelphia alikowahi kucheza. Roki Sasaki, Mjapani wa miaka 23, alipojiunga na Dodgers wa Los Angeles mnamo Januari 2025 alipata takriban dola milioni 6.5 za kutia sahihi, kwa kuwa kanuni huwabana wachezaji wa kigeni walio chini ya miaka 25. Mwananchi mwenzake Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa ametimiza umri huo, alikuwa amepewa na klabu hiyo hiyo milioni 325 mwezi Desemba 2023. Kama Sasaki angekuwa mroho, angesubiri.

Kisha kuna Mike Hampton, ambaye mwalimu hana budi kumwonea huruma. Desemba 2000 alitia sahihi na Colorado kwa miaka minane na dola milioni 121, na miongoni mwa sababu alizozitaja zilikuwa shule nzuri za eneo la Denver kwa ajili ya watoto wake. Waandishi walicheka hadi wakakauka. Sioni kichekesho. Kosa la Hampton lilikuwa la fizikia: Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, na katika hewa nyepesi kama hiyo mpira haupindi inavyotakiwa na ukipigwa huruka mbali. Misimu miwili tu ilitosha kumfukuza.

Haki yenyewe haikukosa maadui. Baada ya misimu ya 1985, 1986 na 1987 wamiliki walikula njama ya kutowania wachezaji huru wa wenzao. Jack Morris, mmojawapo wa warushaji bora wa wakati huo, alijipeleka mlango kwa mlango mwishoni mwa 1986, hata Minnesota alikozaliwa, na kila mlango ukafungwa. Wasuluhishi waliigundua njama hiyo, na mwaka 1990 wamiliki walikubali kulipa dola milioni 280.

Lililosalia ni lile la miaka sita. Makubaliano ya 1976 yaliweka sharti kwamba mchezaji atumikie ligi kuu miaka sita kabla ya kuwa huru, na sharti hilo limedumu. Kwa mpigaji huenda ni sawa. Kwa mrushaji ni kodi nzito, maana kiwiko chake hakijui mkataba. Hutoa mipira ile ile katika miaka ya bei nafuu kama katika miaka ya bei ghali, na aghalabu huanza kulegea pale hasa mwenye kiwiko anapopata ruhusa ya kuchagua.

Corbin Burnes, mshindi wa tuzo ya Cy Young ya 2021, alikuwa na miaka 30 alipokuwa huru baada ya msimu wa 2024. Wachambuzi walimpeleka Toronto, walimpeleka San Francisco. Yeye alikwenda Arizona, ambako familia yake ina makao, kwa miaka sita na dola milioni 210. Mnamo Juni 2025 alipasuliwa kiwiko. Mkataba wa besiboli hulipwa hata mchezaji anapoumia, na Burnes alianza kujiuguza akiwa nyumbani kwake.