JE, DAWA ZA KUTULIZA UVIMBE ZINAWEZA KUTIBU SONONA?

 

Ni mara ngapi tumemwona mtu mchangamfu akibadilika? Mwanafunzi hodari wa kuhifadhi anakaa nyuma ya darasa, hataki kusema na wenzake. Mama anashindwa kuinuka kitandani, chakula hakipiti. Wiki zinapita, hali ni ile ile. Nasi tulio karibu naye tunakimbilia kusema: "Huyu imani yake imepungua," au "Anadeka tu." Kumbe huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wake unaitwa sonona.

Katika makala hii tutaeleza jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi: je, sonona inaweza kuhusiana na uvimbe ndani ya mwili? Na kama ni hivyo, dawa za kutuliza uvimbe zinafaa kuitibu?

UVIMBE NI NINI?

Ukichomwa na mwiba, mahali pale panavimba, panapata joto na panauma. Hiyo ni kazi ya kinga ya mwili. Chembechembe nyeupe za damu hutoa kemikali ziitwazo saitokini ili kuitana na kupambana na adui. Habari zake hufika hadi kwenye ubongo.

Kumbuka ulipougua malaria. Hukutaka chakula, ulitaka kulala tu, hata maneno ya watu yalikuchosha. Saitokini ndizo zilizouambia ubongo upumzike. Tazama basi jinsi dalili hizo zinavyofanana na za sonona! Homa hupita, lakini kwa baadhi ya watu uvimbe wa chini kwa chini hubaki muda mrefu bila kuonekana kwa macho.

USHAHIDI ULIANZIA WAPI?

Kuna dawa iitwayo intaferoni, inayochochea kinga ya mwili. Ilitumika miaka mingi kutibu homa ya ini aina ya C na baadhi ya saratani. Madaktari waliona kuwa wagonjwa wengi waliingia katika sonona baada ya kuianza. Mwaka 2001 ilitangazwa huko Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi waliokuwa wakipewa dawa hiyo. Waliotangulizwa dawa ya sonona, asilimia 11 tu ndio waliougua sonona. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, ilikuwa asilimia 45.

Wala wazo la huzuni kutoka mwilini si geni katika elimu ya Waislamu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyo na sababu inayoonekana, ambayo aliihusisha na hali ya damu.

DAWA ZIMEFAULU?

Mwaka 2006, watafiti wa Munich, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 40 wa sonona. Waliopewa dawa ya uvimbe iitwayo selekoksibu pamoja na dawa yao ya sonona walipata nafuu zaidi.

Mwaka 2013 yalifuata matokeo ya Atlanta, Marekani. Wagonjwa 60 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia walishiriki. Baadhi walitundikiwa dripu ya infliksimabu, dawa ya ugonjwa wa viungo, na wengine dripu isiyo na dawa. Kwa jumla hapakuwa na tofauti. Lakini wale ambao damu yao ilionyesha uvimbe mwingi tangu mwanzo walielekea kunufaika, na wenye uvimbe mdogo haikuwafaa.

Mwaka 2020 huko Pakistan, katika utafiti wa wagonjwa 266 wa sonona ya aina inayopishana na vipindi vya uchangamfu wa kupita kiasi, selekoksibu haikuwasaidia waliopewa. Mwaka huo huo, utafiti wa wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani ulionyesha kuwa aspirini kidogo ya kila siku haizuii sonona.

Tunajifunza nini? Kwamba sonona si moja. Kwa baadhi ya watu uvimbe una sehemu yake, kwa wengine hauna. Dawa hizi bado si tiba ya kawaida ya sonona.

TAHADHARI

1. Tusikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya huzuni. Dawa hizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Zikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona, hatari ya kuvuja damu tumboni huongezeka.

2. Anayetumia dawa za sonona asiziache bila ya kumwona daktari.

3. Mgonjwa akizungumzia kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Ndugu zetu, hatumlaumu mwenye malaria kwa kulala. Basi tusimlaumu mwenye sonona. Tumwombee dua, na tumshike mkono hadi kwa daktari. Dua na dawa havigombani.

Wabillahi tawfiq.