Jasho Ghorofani, Jirani wa Chini Asijue!

Kuna kelele moja ya ghorofani ambayo ikisikika chini haijawahi kupata tafsiri nzuri. Saa 11 alfajiri, du! du! du! juu ya dari. Kimya kidogo. Du! du! du! tena, halafu mtu anahema. Jirani wa chini anafungua jicho moja, anachagua moja kati ya mawili: ama mke na mume wanazichapa, ama wanafanya jambo jingine ambalo hatutalitaja kwenye aya ya kwanza. Kumbe masikini ya Mungu ni dada wa watu anaruka kamba, anatafuta kiuno cha gauni la sendoff ya mdogo wake.

Kama unaishi Mbeya au Iringa na chumba chako kiko juu ya chumba cha mwenzio, unaijua vizuri hali hiyo. Inawezekana umepanga zile nyumba za zamani za Uhindini, duka chini, familia juu. Inawezekana uko kwenye ghorofa jipya la Forest, au hosteli ya wanafunzi kule Iringa ambako vyumba vimepangwa kama maboksi ya viberiti. Popote ulipo, sakafu yako ndiyo dari ya mtu.

Na tuseme ukweli, huku kwetu kufanyia mazoezi ndani si uvivu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa inapungua kidogo tu. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na alfajiri yake wewe unaijua: blanketi linakushika kama mpenzi mwenye wivu. Baridi ikiondoka, mvua zinakuja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, na tope lake. Kwa mwanamke ongeza giza, ongeza washikaji wa kijiweni wanaokuhesabia kila hatua. Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, alihimiza mwaka 2016 Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na wengi tulitoka barabarani tukapiga picha. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi haiondoi kitambi kilichojengwa na kitimoto cha kila Ijumaa.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kuipa misuli kazi ya nguvu. Habari njema ni kwamba lile sharti la zamani la kufanya si chini ya dakika 10 mfululizo liliondolewa. Dakika 5 wakati chai inachemka zinahesabika. Tena huku kwetu chai ina muda wake, maana kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Ndiyo maana maharage yako yanachelewa kuiva, usimlaumu dada wa kazi.

Kwa nini sakafu inakuchongea

Iringa wana jiwe lao la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Zege la ghorofa nalo linaongea, ila lenyewe linasema mambo yako ya ndani.

Sauti ya redio inasafiri kwenye hewa, ukipunguza imepungua. Kishindo cha mguu ni kitu kingine. Unaporuka au kukimbia papo kwa papo, kila ukitua mguu unaigonga sakafu kwa nguvu ya mara mbili mpaka tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anapiga kama mzigo wa kilo 140 hadi 210, na zege gumu linaupokea mtikisiko huo na kuupitisha kwenye kuta na nguzo. Ndiyo maana wakati mwingine anayelalamika si wa chini yako bali wa pembeni. Kile kimkeka chembamba cha mazoezi kinakulinda magoti tu, kishindo kizito kinakipita. Kunja blanketi mara nne, weka mkeka juu, au tumia godoro la mgeni lililokwisha kazi: hapo mguu unatua taratibu na nguvu ile inagawanyika. Lakini dawa yenyewe hasa ni kuacha kuruka. Mguu usiotoka sakafuni hauna cha kugonga.

Usidhani basi utakuwa unacheza. Joseph Pilates, yule Mjerumani ambaye mazoezi yake leo yanalipiwa pesa nyingi, aliyaendeleza alipokuwa amezuiliwa kambini kwenye kisiwa cha Isle of Man wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Hakuwa na uwanja. Alikuwa na sakafu na mwili wake.

Polepole ndiyo kazi

Siri ya mazoezi ya kimya ni kupunguza mwendo. Chukua kuchuchumaa. Wengi hushuka na kupanda haraka haraka mara 30 halafu wanajisifu. Sasa jaribu hivi: miguu upana wa mabega, shuka ukihesabu mpaka 4, kaa chini hesabu 2, panda hesabu 3. Fanya 8 tu. Ukifika ya sita mapaja yatakuwa yanakuuliza umewakosea nini. Hakuna kilichogonga, hakuna kilicholia, isipokuwa wewe mwenyewe kama hujazoea.

Pushapu nazo ni hivyo hivyo. Kama za chini zinakushinda, anza kwa kuegemea ukuta, ukizoea hamia kwenye meza nzito isiyoteleza, mwisho ndipo ushuke sakafuni. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio mpaka mwili uwe mstari kutoka mabegani hadi magotini, bana hapo hesabu 5, shusha taratibu. Hili ndilo la wanaotaka shepu, na hapa dada zangu najua mnasoma kwa makini. Kisha geuka, egemea viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, tumbo umelibana. Sekunde 20 zinatosha kuanzia. Ukiona kiuno kinabonyea katikati, acha, pumzika, rudia.

Ukitaka moyo uende mbio bila kuruka, piga hatua ndefu ya kurudi nyuma, goti lishuke karibu na sakafu bila kuigusa, rudi, badilisha mguu, huku mikono inakwenda juu na chini. Dakika 3 bila kusimama. Au piga ngumi za hewani kama bondia, miguu imetulia. Kama unatoka Dar na umehamia karibuni, usishangae ukihema kuliko kawaida. Kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi, oksijeni unayovuta ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Jipe wiki mbili tatu mwili uzoee.

Kwa baridi yetu, usianze mazoezi umetoka moja kwa moja kwenye blanketi. Zungusha mabega, nyanyua magoti taratibu, jinyooshe dakika 8 au 10, sweta likiwa mwilini. Utalivua lenyewe likikuchosha. Na soksi kwenye marumaru ni ajali inayosubiri tarehe, kwa hiyo peku au raba laini.

Ukuta wako una dawa

Hili ningependa ulikate ulibandike kwenye friji. Egemeza mgongo ukutani, shuka kama unakalia kiti ambacho hakipo, mapaja yalale kadiri unavyoweza, kaa hapo. Basi. Hutembei, huruki, hata panya hakusikii.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, British Journal of Sports Medicine, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270 yenye watu zaidi ya 15,000, kuangalia ni mazoezi gani yanashusha presha zaidi. Yote yalisaidia: kutembea, kukimbia, kunyanyua vyuma. Lakini yaliyoongoza ni haya ya kujibana na kutulia, na kukaa ukutani kukiwa mbele. Namba ile ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa karibu 8. Utaratibu unaotumika sana ni dakika 2 ukutani, pumzika dakika 1 mpaka 4, rudia mpaka zitimie mara 4, siku 3 kwa wiki. Anayeanza asijaribu dakika 2 kwa ubabe. Kaa juu kidogo, sekunde 30, ongeza polepole. Na pumua! Kubana pumzi wakati umekaza misuli kunapandisha presha ghafla. Kama tayari uko kwenye dawa za presha, zungumza na daktari wako kwanza wala usiziache kwa sababu umesoma gazeti. Mjamzito naye amuulize nesi wa kliniki, hasa kuhusu mazoezi ya kulala chali.

Kuhusu vyuma, huhitaji. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Begi la mgongoni likitiwa mchele wa Kyela kilo 10 linageuza kule kuchuchumaa kuwa jambo la wanaume kweli kweli, na mchele jioni mnaupika. Tyubu ya baiskeli iliyokwisha, ikate, ikanyage katikati, vuta ncha zote mbili kwa mikono: mpira wa mazoezi huo, karibu na bure. Ila dumu ukilishusha, lishushe juu ya blanketi. Dumu likiangushwa saa 4 usiku linamfikia kila mpangaji.

Jiko la mkaa libaki nje

Nimetaja baridi, basi niseme na hili bila utani. Huku nyanda za juu wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani kupasha joto, madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Ukifanya mazoezi kwenye chumba hicho unahema zaidi, kwa hiyo unaivuta sumu haraka zaidi. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikija usidhani ni uchovu wa mazoezi. Toka nje, vuta hewa safi, kisha nenda hospitali. Fungua dirisha, vaa sweta, mwili wenyewe utapata joto ndani ya dakika 10.

Mwenzio je?

Hapa ndipo mazoezi mengi ya nyumbani yanapofia, si kwenye magoti. Mke akianza kuamka alfajiri kujinyoosha, mume anageuka kitandani: "Unamtengenezea nani huo mwili?" Mume akianza kupunguza ugali, mke anawapigia mashoga zake simu kuuliza kama wamemwona na mtu. Nyumba ya vyumba viwili haina pa kujificha. Ukifanya kimya kimya bila kusema, ule ukimya wenyewe unazua maswali.

Mimi naona bora useme mapema, tena useme sababu ya kweli. "Baba Fulani, nilipimwa presha wiki iliyopita, imepanda, nataka kuishusha, naomba unihesabie dakika." Mwanaume aliyepewa saa ya kuhesabu amepewa cheo, na nusu yao wiki ya pili wanakuwa ukutani pembeni yako wakitetemeka mapaja. Akikataa kuhesabu, usimlazimishe wala usimtanie kitambi chake. Anajua anacho.

Shuka ngazi ukabishe hodi

Na jirani? Usimsubiri apige dari kwa mpini wa ufagio. Shuka wewe kwanza, tena mchana, si wakati ameshakasirika. Iringa ukianza na kamwene, Mbeya ukianza na ugonile, umeshapunguza nusu ya kesi hata kama wewe ni mtu wa Tanga. "Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji wa juu. Nafanya mazoezi saa 12 asubuhi, nimejitahidi yasiwe na kishindo, ukisikia chochote naomba uniambie mimi." Utagundua mengi. Pengine ni nesi anayetoka zamu ya usiku hospitali ya rufaa, na saa 12 yako ndiyo saa yake ya kupanda kitandani. Pengine ana kichanga ambaye amelala kwa shida. Basi unahamia saa 11 jioni, na yeye anaacha kuwaambia watu wa sokoni kwamba mwanamke wa juu anapigwa kila siku.

Mwombe pia jambo moja: siku ya kwanza asikilize, halafu akuambie alichosikia. Hakuna kipimo kizuri kama sikio la aliye chini. Akisema hakusikia kitu, endelea hivyo hivyo. Akisema amesikia hatua za kurudi nyuma, ongeza blanketi la pili. Na ile kamba, kama roho inaitaka sana, shuka nayo uani Jumamosi asubuhi. Mpitie na yeye, huenda anayo ya kwake.