Jinsi Mzazi Anavyopata Kuwa Mwalimu wa Mpira

Watu wengi hudhani kuwa mwalimu wa mpira wa watoto ni mtu aliyekuwa mchezaji hodari ujanani mwake, akazeeka, akapewa filimbi. Katika timu kubwa pengine ni hivyo. Lakini katika viwanja vya mitaani mambo ni mengine kabisa. Hapa kwetu Mutanga Sud, na nadhani katika mitaa mingine ya Bujumbura vilevile, wengi wa wanaowafundisha watoto wadogo ni wazazi tu, wala hawakuitafuta kazi hiyo. Walimpeleka mtoto uwanjani, wakasimama pembeni, na siku moja mtu akawaambia, "Papa, tusaidie kidogo."

Nataka kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, mzazi hujifunza nini, na hujikwaa wapi. Nawaandikia wanafunzi wenzangu, lakini zaidi ninyi kaka zetu na baba zetu mliosoma hapa zamani. Wengi wenu sasa mna watoto wa umri huo, na viwanjani watoto ni wengi kuliko watu wazima.

Kwanza tukitazame kiwanja chenyewe. Mtaa wetu uko karibu na Chuo Kikuu cha Burundi, na upande wa kaskazini mto Ntahangwa unapita katika korongo lake. Mto huo hula kingo zake wakati wa mvua, na nyumba na barabara zimekwisha kuporomoka humo. Kwa hiyo nafasi tupu ya kuchezea ni chache, na mpira ukiingia korongoni hurudi kwa bahati tu. Magoli ni mawe manne. Watoto wasio na mpira wa duka hufunga majani makavu ya mgomba na matambara kwa kamba, nao huuchezea mpira huo vizuri kuliko wengine wanavyouchezea wa duka.

Namjua baba mmoja wa mtaa huu, fundi wa magari. Ujanani alicheza mpira wa vumbi huko Buyenzi, si zaidi. Alimleta mwanawe wa miaka minane, akawa anasimama nyuma ya goli na kupiga kelele kama wazazi wengine wote. Aliyewafundisha watoto wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Masomo yake yalipokwisha alirudi kwao mkoani, na Jumamosi iliyofuata watoto ishirini walifika, mpira upo, mtu mzima hayupo. Fundi yule akasema atawashika mpaka apatikane mwingine. Hakupatikana mwingine. Sasa ni miaka sita. Nimewauliza wengine watatu, na habari zao zafanana na hiyo: mwenye kazi aliondoka, mzazi akabaki na filimbi mkononi.

Shida ya kwanza ni kwamba mzazi hufundisha alivyoona watu wazima wakifundishwa. Huwazungusha watoto uwanja mara tano, kisha huwapanga mstari mmoja mrefu, na kila mmoja kwa zamu yake apitishe mpira katikati ya mawe. Kwa macho ya mtu aliye pembeni kazi hiyo ni nzuri, ina nidhamu. Basi tupige hesabu. Watoto ni ishirini na mpira ni mmoja. Kila mtoto atumie nusu dakika. Zamu itamrudia baada ya dakika kumi, na kwa saa nzima atakuwa amepata zamu sita, yaani dakika tatu na mpira. Dakika hamsini na saba zilizobaki anatazama mgongo wa mwenzake. Ndiyo sababu watoto hurushiana mawe mstarini, kisha twasema hawana adabu.

Njia bora ni kuwagawa, wanne kwa wanne, katika viwanja vidogo vidogo, hata kama mpira mmoja ni wa majani ya mgomba. Hapo kila mtoto hukimbia, hunyang'anya, hukosa na hujaribu tena bila kungoja. Sheria za mpira zenyewe zinakubali jambo hili. Kwa michezo ya watoto zinaruhusu kupunguza ukubwa wa kiwanja, upana wa magoli, muda wa mchezo, hata ukubwa wa mpira. Mpira wa watu wazima ni namba 5. Mzunguko wake ni sentimita 68 hadi 70, na uzito wake gramu 410 hadi 450. Watoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja hivi hutumia namba 4, na wadogo zaidi namba 3. Mwenye kumpa mtoto wa miaka saba mpira namba 5 uliolowa mvua, kisha akamcheka kwa kuwa hapigi mbali, ni kama kumpa debe la maji la mamaye na kumcheka kwa kumwaga.

Mwili wa mtoto nao una mambo yake. Mifupa yake ingali inakua, na mahali inapokulia pana ulaini. Kijana anayekimbia sana kwenye udongo mgumu mara nyingi huumwa kisigino, au chini kidogo ya goti, bila kugongwa na mtu. Dawa yake ni kupunguza kukimbia mpaka maumivu yaishe. Kumwambia ajikaze ni kumzidishia. Na kichwa chake ni cha kulindwa zaidi. Mwaka 2015 chama cha mpira cha Marekani kilikataza watoto wa miaka kumi na chini kupiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 vyama vya Uingereza, Uskoti na Ireland ya Kaskazini vikaagiza watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini. Sisi tulicheza vichwa tangu utotoni na twajisifu kwa hilo, lakini sioni hasara gani mtoto ataipata akingoja miaka michache.

Hayo yote yaweza kujifunzwa. Lililo gumu kujifunza ni mtoto wako mwenyewe.

Mzazi huingia uwanjani kwa ajili ya mwanawe. Hilo si kosa, kwani pasipo hilo asingefika kabisa. Lakini hapo ndipo njia hugawanyika mara mbili, na zote mbili zina miiba. Fundi wetu alianza kwa kumweka mwanawe mbele kila mchezo. Wazazi wengine hawakusema kitu uwanjani, walisema wakiwa njiani kurudi nyumbani. Alipopata habari aliona haya, akageuka kabisa: sasa akawa anamkemea mwanawe kuliko wote ili watu waone hana upendeleo. Mtoto mwingine akikosa goli aliambiwa, "Pole, jaribu tena." Mwanawe akikosa aliitwa mvivu. Mtoto hakujibu. Alikwenda kumwambia mama yake, "Uwanjani sina baba."

Mama alimfikishia baba maneno hayo vilevile, bila kuyapunguza. Baba akafanya mambo mawili. Alimwomba mzazi mwenzake amchukue mwanawe katika kundi lake, naye akachukua kundi la yule. Tena wakapatana kwamba nyumbani hawataongea habari za mchezo mpaka mtoto aanze mwenyewe. Pili, alinunua daftari la shule la kurasa 48, akaanza kuandika kila Jumamosi jina la kila mtoto na dakika alizocheza katika mchezo.

Nimeliona daftari hilo. Baada ya miezi mitatu alijumlisha. Palikuwa na mtoto mmoja wa kutoka Nyakabiga, mpole, aliyekuwa akifika kabla ya wote na kubeba mawe ya magoli. Alihudhuria Jumamosi kumi na moja. Dakika zake zote pamoja hazikufika ishirini. Mwalimu alimwona kila wiki akibeba mawe, asimwone kuwa hachezi, kwa sababu hakuwahi kulalamika na hapakuwa na baba yake pembeni wa kulalamika kwa niaba yake. Kwa maoni yangu mzazi yule alipata kuwa mwalimu siku aliyojumlisha hesabu hiyo. Kabla ya hapo alikuwa baba wa mtoto mmoja, mwenye filimbi.

Tena kuna mtego wa ndoto. Kila mtu hapa anajua habari za Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, akachezea Vital'O, kisha Young Africans ya Dar es Salaam, hata akafika fainali ya klabu bingwa za Ulaya mwaka 2004 akiwa na Monaco. Anajua pia habari za Saido Berahino, aliyezaliwa hapa mwaka 1993, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto kwa sababu ya vita, kisha akawa nahodha wa timu yetu ya taifa. Wala hatusahau tarehe 23 Machi 2019, tulipotoka sare 1-1 na Gabon katika uwanja wa Prince Louis Rwagasore, ambao siku hizi huitwa Intwari, tukapata kwenda Kombe la Afrika huko Misri kwa mara ya kwanza. Huko tulifungwa michezo yote mitatu, lakini nani alijali? Mambo hayo ni ya kufurahisha sana. Hata hivyo mzazi amtazamaye mtoto wa miaka minane na kumwona Nonda atamdhuru mtoto huyo, na atawasahau ishirini walio kando yake.

Ndoto hiyo ndiyo izaayo udanganyifu wa umri. Timu ikitaka kikombe, huleta kijana wa miaka kumi na mitano na kusema ana kumi na miwili. Katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, FIFA ilianza mwaka 2009 kuwapima wachezaji kifundo cha mkono kwa mashine ili kujua umri wao. Mtaani hatuna mashine. Tuna majirani wanaojua nani alizaliwa lini. Mwalimu akinyamaza, anayevunjika mguu ni mtoto mdogo aliyesema kweli.

Anayetaka kuendelea katika kazi hii aweza kusomea vyeti. Shirikisho la Mpira la Burundi lilianzishwa mwaka 1948 na likaingia FIFA mwaka 1972. Vyeti vya Shirikisho la Afrika, yaani CAF, huanza na D, kisha C, B na A, na cha juu kabisa huitwa Pro. Mzazi wa mtaani hahitaji kufika mbali huko, lakini cha kwanza chamfaa sana. Na kabla ya cheti chochote ashike sheria hizi: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, mtoto asipigwe, hata fimbo moja, wazazi wajue mazoezi yanaanza na kwisha saa ngapi. FIFA yenyewe ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto mwaka 2019, kwa kuwa yalikwisha kutokea maovu katika nchi nyingi.

Wengine husema kazi hii ni ya akina baba. Sivyo. Lydia Nsekera aliongoza Shirikisho letu tangu mwaka 2004 hata 2013, na mwaka huo 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati kuu ya FIFA. Na mwaka 2022 timu yetu ya wanawake ilicheza Kombe la Afrika huko Morocco. Mama anayejua kuwatuliza watoto sita wakati wa chakula ana nusu ya ujuzi tayari.

Mtu akiuliza faida yake, nitamjibu kwa mifano miwili. Huko Nairobi, katika mtaa wa Mathare, Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa walianza chama cha michezo mwaka 1987. Timu iliyofanya kazi ya kuzoa taka ilipata pointi katika ligi kama vile imeshinda mchezo. Watoto wa chama hicho waliozoea mpira wa makaratasi na kamba walizaa timu ya Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viligawanya mitaa ya Bujumbura, hata mtoto wa mtaa mmoja akaogopa kuvuka kwenda wa pili. Centre Jeunes Kamenge ya wamisionari Waksaveri iliendelea kuwakusanya vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, wacheze na kusoma pamoja, na mwaka 2002 ikapewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Sisi wa umri wangu hatukuviona vita vile. Lakini kila Jumamosi namwona mtoto wa Nyakabiga, wa Buyenzi na wa Mutanga wakigombania mpira mmoja kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na wazazi wao wakisalimiana pembeni, nami naelewa kwa nini wazee hutazama kimya.

Mwaka jana mwana wa fundi aliacha mpira wa miguu, akahamia mpira wa kikapu. Watu walidhani baba naye ataacha. Hakuacha, sasa ana daftari la tatu. Ila kundi la watoto wa miaka minane bado halina mtu mzima wa pili. Mazoezi huanza Jumamosi saa tisa alasiri. Atakayekuja avae viatu visivyoogopa vumbi, na kama ana mpira namba 4 nyumbani, aulete.