Unguja hadi Ngazija: saa moja na nusu angani, siku nzima safarini

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi Hahaya, Ngazija, ni kilomita 740 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ya pangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa huzimaliza kwa saa moja na nusu. Lakini mfanyabiashara asiyepata ndege ya moja kwa moja huvuka kwanza hadi Dar es Salaam, na huko ndiko muda unakoliwa. Hahaya nako si Moroni: bado zipo kilomita kama 20 za barabara. Akichelewa, mwenye vitenge hupoteza siku. Mwenye mboga mbichi hupoteza mtaji. Hesabu ya safari ianzie dukani, si kwenye ngazi za ndege.