Jinsi chembe sahani zinavyotambua jeraha na kuzuia damu kumwagika

MPISHI anayejikata kidole akimenya viazi hulibana jeraha kwa kitambaa, na baada ya dakika chache damu hukoma. Kazi hiyo huanzishwa na chembe sahani, vipande vidogo visivyo na kiini vinavyotengenezwa katika uboho wa mifupa. Maikrolita moja tu ya damu huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 450,000, na kila moja huishi siku saba hadi kumi.

Damu inapotiririka, chembe nyekundu husongamana katikati ya mshipa na kuzisukuma chembe sahani pembeni, karibu na ukuta. Hapo hupita kama walinzi wa zamu, zikiwa zimetulizwa na kemikali zinazotolewa na utando wa ndani wa mshipa. Utando huo ukichanika, kolajeni iliyofichika chini yake hubaki wazi.

Hata hivyo, katika ateri ndogo damu huenda kasi mno hivi kwamba chembe haiwezi kunata papo hapo. Hapa ndipo inapohitajika protini ya von Willebrand, iliyopewa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeeleza mwaka 1926 ugonjwa wa kutokwa na damu katika familia moja ya visiwa vya Åland. Protini hii huelea ikiwa imejikunja mithili ya kibonge cha uzi. Inaponasa kwenye kolajeni, mkondo wa damu huivuta na kuikunjua, nazo ndoana zake hujitokeza. Ajabu ni kwamba kasi ile ile ambayo ingezizoa chembe sahani ndiyo inayotega mtego wa kuzinasa.

Chembe iliyonaswa hugusa kolajeni na kuamka: hubadili umbo, huchomoza vidole na kumwaga kemikali za kuita chembe nyingine, mojawapo ikiwa thromboksani. Fibrinojeni huziunganisha, kisha nyuzi za fibrini hukaza kizibo.

Aspirini huzima utengenezaji wa thromboksani, na chembe iliyoathiriwa hubaki hivyo hadi ife. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa moyo hupewa dawa hiyo, kwani ateri iliyosongwa na mafuta huongeza kasi ya damu na mtego ukafyatuka pasipohitajika.

Kwa mgonjwa wa homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka 2013 na 2017, mambo ni kinyume. Chembe sahani zake huweza kupungua sana, hivyo madaktari humkataza aspirini na ibuprofeni. Homa yake hutulizwa kwa parasetamoli.