Jukwaa au Uzio?

Adui wa kwanza wa tamasha la wazi ni mvua, na huyo kila mtu anamjua. Wa pili ni uzio. Ukumbi una kuta na mlango. Asiyelipa habari anazipata kwa waliolipa. Shamba halina kuta, na sauti ya gitaa haijui mpaka.

Waandaaji wa tamasha la Monterey, California, Juni 1967, walilikwepa tatizo hilo kwa kutumia viwanja vya maonyesho ambavyo tayari vilikuwa na uzio wake. Gharama nazo ziliwahurumia: wasanii karibu wote walipiga bure, isipokuwa Ravi Shankar.

Tamasha la Woodstock halikuwa na bahati hiyo. Vijana wanne walioliandaa walikuwa wamekodi eneo katika mji wa Wallkill, jimbo la New York, lakini Julai 15, 1969, mji ukawanyima kibali. Zilibaki siku thelathini na moja. Wakakimbilia mji wa Bethel kwa Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyewakodishia konde lenye mteremko kama bakuli, mahali ambapo hata aliyekaa nyuma kabisa angeona jukwaa. Konde zuri, ila halikuwa na kitu juu yake.

Kazi ilikuwa nyingi kuliko siku. Ikafika mahali mafundi hawawezi kumaliza vyote viwili: ama jukwaa, ama uzio na mageti. Kuacha uzio ni kuaga mapato. Kuacha jukwaa ni kukusanya umati wenye hasira porini. Wakajenga jukwaa. Mimi naona ndio uamuzi mmoja wa busara katika mradi mzima, ingawa ulifanywa kwa kukosa njia.

Tiketi ya siku tatu iliuzwa dola 18, na zipatazo 186,000 zilikuwa zimeshanunuliwa. Lakini kabla mageti hayajasimama, makumi ya maelfu walikwishatandika mablanketi kwenye majani. Utamwinua nani akakate tiketi? Ikatangazwa kuwa kuingia ni bure. Walikuja zaidi ya 400,000, barabara zikaziba, wasanii wakaletwa kwa helikopta. Mwimbaji Richie Havens alifungua kwa sababu wengine walikuwa hawajafika. Akarudishwa jukwaani mara kwa mara hadi nyimbo zikamwishia, akatunga moja palepale.

Waandaaji waliondoka na deni la zaidi ya dola milioni moja. Lililowaokoa lilikuwa kamera: filamu ya Michael Wadleigh ya mwaka 1970, pamoja na santuri, ndizo zilizokuja kulipunguza kidogo kidogo. Mlango wa kulipia walioukosa shambani waliupata kwenye majumba ya sinema.

Uingereza, mwaka huohuo wa 1970, waandaaji wa tamasha la kisiwa cha Wight waliamua kujenga uzio kwelikweli, wa mabati. Kosa lao lilikuwa kilima. Kando ya uwanja kulikuwa na Afton Down, na maelfu wakapanda huko kutazama bila kutoa hata senti. Wengine waliushambulia uzio wenyewe, na kabla tamasha halijaisha mageti yakafunguliwa kwa wote. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kisiwa hicho pekee: mkusanyiko wa usiku wa watu zaidi ya 5,000 lazima uwe na leseni. Tamasha halikurudi hadi 2002.