Bwana Mwengo wa Pate na Watu wa Zama Zake (Sehemu ya Pili)

Jina la Bwana Mwengo bin Athumani halikosi katika vitabu vya historia ya fasihi ya Kiswahili, ila mara nyingi hupewa sentensi moja tu, ya kwamba yeye ndiye mtungaji wa Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, na kwamba utendi huo, wenye tarehe ya mwaka 1728, ni miongoni mwa tungo za kale kabisa za Kiswahili zilizotufikia kwa maandishi. Baada ya sentensi hiyo msomaji hupelekwa moja kwa moja kwenye kisa chenyewe, yaani safari ya Waislamu kwenda Tabuk kupambana na jeshi la Warumi wa Mashariki na mfalme wao Heraclius, ambaye washairi wa pwani humwita Herekali. Kisa hicho kilielezwa katika sehemu ya kwanza ya makala haya. Sehemu hii inamtafuta mtu aliyekitunga, mahali alipokitungia, na watu waliomzunguka, kwa kuwa utendi wenye beti zaidi ya 1,100 hauzuki hewani. Unahitaji mlezi wa kuutaka, wasikilizaji wa kuungojea, wanazuoni wa kumpa mtungaji habari zake, na mikono ya kuunakili baada ya yeye kufa.

Maisha ya Bwana Mwengo hayakuandikiwa wasifu na mtu yeyote wa zama zake, kwa hiyo mtafiti analazimika kuanzia katika tamati, nayo ni beti za mwisho wa utendi ambamo mtungaji wa jadi hujitaja jina, humwomba msomaji amtakie rehema, na pengine hutoa tarehe na idadi ya beti. Humo ndimo ajulikanamo kuwa ni Mwengo mwana wa Athumani, na humo ndimo atajwamo aliyeutaka utendi utungwe, naye ni Fumo Laiti wa ukoo wa Nabahani, mfalme wa Pate. Mswada wenyewe unaongeza kuwa kazi hiyo iliandikwa Yunga, ambalo lilikuwa jumba la kifalme katika mji wa Pate na ambalo limekwisha kubomoka, mwaka 1141 wa Hijria. Mambo haya manne, yaani jina, mlezi, jumba na mwaka, ndiyo mtaji wote wa kuanzia, na ingawa ni machache, yakishikwa vizuri yanazaa mengi.

La mwaka ndilo linalostahili kushughulikiwa kwanza, kwa sababu limezoeleka kutajwa kwa haraka. Mwaka 1141 wa Hijria ulianza mwezi Agosti 1728 na kumalizika mwezi Julai 1729, hivyo kusema 1728 peke yake ni kuukata mwaka huo katikati na kuiacha nusu yake ya pili, ambayo ilikuwa na mambo mazito. Zaidi ya hayo, tarehe iliyo mwishoni mwa mswada huweza kuwa ya aliyetunga au ya aliyenakili, na mtafiti mwangalifu hana budi kuzitenga hizi mbili: ikiwa ni ya mtungaji, Bwana Mwengo alikuwa mtu mzima aliyekwisha kupata heshima barazani mwa mfalme katika mwaka huo; na ikiwa ni ya mnakili, basi utendi ni wa zamani zaidi ya hapo, na maisha ya mtungaji yanasogea nyuma kuelekea mwishoni mwa karne ya 17. Kwa vyovyote vile, katika mwaka 1141 utendi huu ulikuwa unaandikwa na kusomwa Yunga, na hilo ndilo jambo la kushangaza ambalo wahakiki wengi wameliruka.

Kinachoshangaza ni hali ya Pate katika mwaka huo. Waomani walikuwa wameitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu 1696, na miji ya pwani ambayo iliwapokea kama waokozi ilianza muda si mrefu kuuona uzito wa mkono wao. Kisha, tangu mwaka 1719, nchi ya Oman yenyewe iliingia katika vita vya ndani vya kugombania uimamu, na askari wake waliokuwa pwani wakagawanyika. Katika nafasi hiyo mfalme wa Pate alituma ujumbe kwa Wareno wa Goa akitaka msaada dhidi ya Waomani, na mwaka 1728 jeshi la majini la Wareno likaja chini ya uongozi wa Luís Mello de Sampayo, likairudia Mombasa kwa msaada wa Wapate. Wareno walikaa Mombasa hadi mwezi Novemba 1729, walipoondolewa na wenyeji wenyewe, na urafiki wao na Pate ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Kwa hiyo utendi unaowasifu Waislamu waliokwenda kupigana na mfalme mkubwa wa Wakristo ulikuwa mikononi mwa waandishi wa jumba la Yunga katika miezi ileile ambayo bwana wa jumba hilo alikuwa mshirika wa mfalme Mkristo dhidi ya Imamu wa Oman, au alikuwa anaujutia ushirika huo. Si haki kuruka kutoka hapo na kudai kwamba Herekali ni fumbo la mfalme wa Ureno. Visa vya maghazi, yaani hadithi za vita vya Mtume na masahaba zake, vilikuwa vimeenea kwa Kiarabu karne nyingi kabla ya Bwana Mwengo, na mengi anayoyasimulia yanatoka humo. Hata hitilafu yake kubwa na historia, kwamba huko Tabuk palipigwa vita vikubwa ilhali wanahistoria wanaeleza kuwa mwaka 630 Waislamu walifika na hawakukuta jeshi la kupigana nalo, ni hitilafu aliyoirithi. Lakini mlezi huchagua. Mfalme aliyekuwa na hazina yote ya visa vya manabii na mawalii mbele yake alitaka kisa hiki, na wasikilizaji waliokuwa wakiziona jahazi za Wareno katika maji ya funguvisiwa la Lamu hawakuweza kukisikiliza kana kwamba ni habari ya mbali. Anayetaka kumjua Bwana Mwengo anapaswa kuubeba mkanganyiko huu pamoja na utendi wenyewe, na inasikitisha kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja ya uhakiki umebebwa utendi peke yake.

Sababu ya kupuuzwa huko inaeleweka ukitazama jinsi utendi ulivyoingia katika elimu ya chuo kikuu. Carl Meinhof aliuchapisha Ujerumani katika miaka ya 1911 na 1912, naye alikuwa bingwa wa isimu aliyetaka kuona lugha ya zamani ilivyokuwa. Jan Knappert akaufanyia tasnifu yake ya udaktari huko Leiden mwaka 1958, akaulinganisha na asili zake za Kiarabu kwa kazi kubwa inayostahili shukrani. Wa kwanza alitafuta maumbo ya maneno, wa pili alitafuta chimbuko la kisa, na kati ya maumbo na chimbuko mtu wa Pate akapotea. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi Pate hiyohiyo baadaye katika karne ya 18, alipata bahati nyingine kabisa, kwani utungo wake, Al-Inkishafi, unautaja mji, majumba yake na watu wake waliokwisha, hata wahariri wake, William Hichens mwaka 1939 na James de Vere Allen mwaka 1977, hawakuweza kuufasiri bila kuzungumzia Pate. Bwana Mwengo aliificha Pate nyuma ya Madina na Sham, na kwa hiyo yataka jitihada kuifichua.

Jitihada hiyo inagongana mapema na jina la mlezi. Habari za wafalme wa Pate zimehifadhiwa katika tarehe ya mji huo, yaani masimulizi ya ukoo wa Nabahani yaliyopokezanwa kwa mdomo na kwa maandishi, ambayo yalianza kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na wasimulizi wa pwani, likiwemo toleo alilolipata mwandishi Stigand kwa mzee Bwana Kitini na kulitia katika kitabu chake cha mwaka 1913. Marina Tolmacheva aliyakusanya matoleo mbalimbali pamoja mwaka 1993, na ukiyaweka ubavu kwa ubavu yanapishana katika majina, katika mfuatano wa wafalme na katika miaka waliyotawala. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikuwa amekwisha kuonya tangu mwaka 1969 kwamba miaka ya mwanzo ya tarehe hiyo haiaminiki. Mfalme anayetajwa mara nyingi kwa zama za ushirika na Wareno ni Bwana Tamu Mkuu, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Abubakari. Utendi unamtaja Fumo Laiti. Haifai kukimbilia kusema kuwa mmoja wa mashahidi hawa amekosea, kwa maana wafalme wa Pate walikuwa na jina la kuzaliwa, jina la enzi na jina la sifa, na neno fumo lilikuwa cheo cha mkuu kabla ya kuwa sehemu ya jina la mtu. Hapa ndipo utendi unapogeuka kuwa shahidi wa historia kwa haki yake: mswada ulioandikwa ndani ya jumba la mfalme uko karibu zaidi na mfalme huyo kuliko orodha iliyokaririwa karibu miaka mia mbili baadaye, na jina lililomo lafaa lipewe uzito unaolingana na ukaribu huo.

Kuhusu watu waliomzunguka, ni lazima kwanza kuangalia mahali pa Bwana Mwengo mwenyewe katika jamii ya Pate. Elimu ya dini katika mji huo ilishikwa kwa sehemu kubwa na masharifu, yaani koo zinazofikisha nasaba yao kwa Mtume, ambazo nyingi zilitoka Hadhramaut, hasa wana wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, ukoo ambao ndio wa Sayyid Abdallah. Miongoni mwa wanazuoni wa mji huo yumo pia Sayyid Aidarus bin Athumani, aliyeifasiri Hamziya, kasida mashuhuri ya Al-Busiri ya kumsifu Mtume, kwa Kiswahili kigumu cha kale na kwa mstari mrefu. Bwana Mwengo haitwi Sayyid. Anaitwa Bwana, kwa heshima ya waungwana wa mji, na kazi yake imewekwa katika bahari ya utendi, yenye mizani minane kwa kila kipande na vina vinavyoshikika kwa urahisi, ambayo msikilizaji asiyejua Kiarabu aliweza kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Tofauti hii inaonyesha kwamba Pate ilikuwa na milango miwili ya elimu: mmoja wa wanazuoni waliokuwa wakisoma kasida kwa kasida na kufasiri neno kwa neno, na mwingine wa baraza la mfalme, ambako kisa kilisimuliwa kwa ajili ya wengi. Bwana Mwengo alisimama katika mlango wa pili, ingawa habari za maghazi asingeweza kuzipata pasipo kupita katika ule wa kwanza, kwa kusoma mwenyewe au kwa kusomewa na wale masharifu.

Mahali pengine pa kutafuta ni katika njia ambayo miswada imepitia. Utendi haukuhifadhiwa na maktaba. Ulihifadhiwa na nyumba, na katika nyumba hizo mara nyingi mwanamke ndiye aliyekuwa mtunzaji, kama ilivyoonekana Lamu, ambako Mwana Hashima, binti wa Mwana Kupona, alimsaidia Alice Werner kuupata utendi wa mama yake. Waandishi wa mkono mzuri, na mashuhuri kati yao ni Muhammad Kijuma wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, waliwanakilia wageni kama Werner, Hichens na Ernst Dammann tungo nyingi za zamani, na kwa kazi yao London na Hamburg zikawa na hazina ambayo Pate yenyewe haikubaki nayo. Miswada mingine ilikusanywa na J.W.T. Allen katika miaka ya 1960 na kuwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mnakili wa zamani hakujiona amefungwa na kila herufi. Alisahihisha alichodhani ni kosa, akalegeza neno la Kipate lisiloeleweka tena Lamu, na aghalabu aliandika jina lake na la mwenye mswada mwishoni. Majina hayo ya mwishoni, ambayo wahariri huyatupa wanapotafuta maneno ya asili, ndiyo orodha ya wasomaji wa Bwana Mwengo kizazi baada ya kizazi, na kuyapanga kwa koo na mitaa kungeonyesha utendi ulitoka Yunga kwenda wapi.

Upo pia ushahidi ulioko nje ya pwani. Hifadhi ya nyaraka za Wareno huko Goa inazo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwemo zile za Kilwa za mwaka 1711, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana, na zinathibitisha kwamba katika zama za Bwana Mwengo lugha hiyo ilikuwa ikitumika kwa mambo ya dola sawa na ilivyotumika kwa ushairi. Aliyemwandikia mfalme barua na aliyemtungia utendi walitoka katika tabaka lilelile dogo la wajuzi wa kalamu. Kusoma mwandiko, majina na taratibu za salamu za barua hizo sambamba na miswada ya tendi ni kazi inayohitaji mtu mwenye Kiswahili cha kaskazini, Kiarabu na Kireno kwa pamoja, na vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania vinao uwezo wa kumwandaa mtu huyo kuliko chuo chochote cha Ulaya.

Mtu wa karibu zaidi na Bwana Mwengo anayejulikana ni mwanawe, Abu Bakari bin Mwengo, anayehesabiwa kuwa mtungaji wa Utendi wa Katirifu, nao pia ni utendi wa vita vya zama za Mtume. Baba na mwana katika fani moja na aina moja ya kisa ni dalili kwamba utunzi katika nyumba hiyo ulifundishwa kama ufundi mwingine wowote wa mji, pamoja na vitabu vyake, misamiati yake na pengine walezi wake barazani. Sehemu ya tatu ya makala haya itazilinganisha tendi hizo mbili ubeti kwa ubeti, katika dua za kufungulia, katika namna ya kuagiza wino na karatasi, na katika maelezo ya mapigano, ili kuona ni yapi Abu Bakari aliyapokea kwa baba yake na ni yapi aliyaongeza mwenyewe.